Louis Pasteur na Chanjo ya Kimeta

Mfugaji aamkapo alfajiri na kumkuta ng'ombe wake, ambaye jana jioni alirudi malishoni akiwa mzima, amekufa na damu nyeusi inamtoka puani, hutambua kwamba msiba umeingia zizini. Huenda ni kimeta. Kimeta huua ng'ombe, kondoo, mbuzi na hata wanyama wa porini. Binadamu naye huambukizwa amchunapo mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo, au alapo nyama yake.

Zamani wafugaji hawakuwa na njia ya kuzuia ugonjwa huu. Siku hizi wanyama huweza kukingwa kwa chanjo. Katika sura hii tutasoma maisha ya Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa ambaye yeye na wasaidizi wake waliwapa wafugaji chanjo ya kimeta. Tutaona pia kwamba kazi ya mtaalamu haiishi anapopata dawa katika maabara. Dawa hiyo lazima itengenezwe kwa wingi, ipimwe, isafirishwe na kuuzwa kwa bei ambayo mfugaji anaiweza. Kazi hiyo ya pili ni ngumu kama ile ya kwanza.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari zamani, na baada ya vita alifanya kazi ya kutengeneza ngozi za wanyama. Louis alipokuwa bado mdogo, jamaa yake walihamia mji wa Arbois. Nyumba yao ilikuwa kando ya mto, kwa sababu kazi ya ngozi huhitaji maji mengi. Hivyo mtoto huyu alikua akinusa harufu ya ngozi mbichi, na akiwaona wakulima wakipita na mifugo yao na zabibu zao.

Alipoanza shule hakuwa mwanafunzi wa kustaajabisha. Sifa aliyojulikana nayo zaidi ilikuwa kuchora picha za watu. Lakini alikuwa mwangalifu, na kazi aliyoianza hakuiacha kabla ya kuimaliza. Mwaka 1831 mbwamwitu mwenye kichaa aliingia katika sehemu zile na kuwauma watu kadhaa. Mhunzi aliwachoma majeruhi vidonda vyao kwa chuma cha moto, maana hapakuwa na dawa nyingine. Hata hivyo baadhi yao walikufa. Louis alikuwa na umri wa miaka minane tu, lakini jambo hilo halikumtoka moyoni.

Alipopelekwa Paris kusoma mara ya kwanza, alishikwa na ukiwa wa nyumbani hata baba yake akaja kumchukua. Alipokuwa mkubwa zaidi alirudi, na mwaka 1843 aliingia katika chuo mashuhuri cha walimu cha mji huo. Huko alijifunza kemia, na mwaka 1847 alipata shahada ya udaktari wa sayansi. Yafaa kukumbuka kwamba Pasteur hakuwa tabibu wa watu wala daktari wa mifugo. Alikuwa mwanakemia. Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, ambaye alimsaidia kuandika habari za majaribio yake kwa miaka yote iliyobaki.

Mapipa yaliyochacha

Mwaka 1854 Pasteur alipewa kazi katika mji wa Lille, kaskazini ya nchi, penye viwanda vingi. Mwaka 1856 baba wa mwanafunzi wake mmoja alimjia na shida. Mtu huyo alikuwa na kiwanda kilichotengeneza spiriti kutokana na viazi sukari. Baadhi ya mapipa yake yalitoa spiriti nzuri, lakini mengine yalichacha na kutoa uvundo, na mali ilikuwa ikipotea.

Pasteur alichukua tone kutoka katika pipa zuri akalitazama kwa hadubini. Akaona chembe nyingi za mviringo. Hizo zilikuwa chembe za hamira, nazo ni hai. Kisha akachukua tone kutoka katika pipa lililochacha. Humo akaona vijidudu vyembamba mfano wa vijiti, ambavyo havikuwamo katika pipa la kwanza. Ndipo alipoanza kufahamu kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, na kwamba kila aina ya kijidudu hufanya kazi yake. Kijidudu kimoja huleta spiriti, kingine huleta ukali wa maziwa yaliyoganda, na kingine huleta siki.

Baadaye wauzaji wa mvinyo nao walilalamika kwamba mvinyo wao uliharibika ukiwa safarini. Pasteur aligundua kwamba mvinyo ukipashwa moto kidogo, kati ya nyuzi 50 na 60 za Sentigredi, vijidudu vinavyouharibu hufa, na ladha haipotei. Njia hiyo ilikuja kutumika pia katika maziwa, na hata leo inaitwa kwa jina lake katika lugha nyingi za dunia.

Mwaka 1865 Pasteur aliiandikisha njia hiyo serikalini. Mvumbuzi akiandikisha uvumbuzi wake, sheria humpa haki ya kuwazuia watu wengine wasiutumie bila idhini yake kwa muda fulani, naye aweza kuwatoza malipo. Lakini Pasteur hakuwatoza watu fedha kwa ajili ya njia hii. Aliiachia umma, ili kila mwenye pipa aweze kuitumia.

Ugonjwa wa viwavi wa hariri

Mwaka huo huo wa 1865 mwalimu wake wa zamani alimwomba aende kusini ya Ufaransa. Watu wa huko walipata riziki kwa kufuga viwavi wa hariri, wanaokula majani ya mforosadi na kusokota nyuzi laini za hariri. Ugonjwa ulikuwa umewaangamiza viwavi hao, na jamaa nyingi zilikuwa zimefilisika. Pasteur alijibu kwamba hajapata hata kumshika kiwavi wa hariri. Lakini alikwenda, akakaa katika sehemu za mji wa Alès kwa miezi kadhaa kila mwaka hadi karibu mwaka 1870.

Miaka hiyo ilikuwa ya huzuni kwake. Binti yake mkubwa alikuwa amefariki mwaka 1859. Mwaka 1865 alifiwa na baba yake na binti yake mdogo, na mwaka 1866 akafiwa na binti mwingine. Mwaka 1868 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akadhoofika mkono na mguu wa kushoto kwa maisha yake yote. Watu wengine walidhani kwamba hatarudi tena kazini. Alirudi, akichechemea.

Njia aliyowafundisha wafugaji wa viwavi ilikuwa nyepesi. Kila nondo jike aliwekwa peke yake juu ya kipande cha kitambaa, ataga mayai yake hapo. Kisha nondo huyo alisagwa katika maji kidogo, na tone la maji hayo likatazamwa kwa hadubini. Yakionekana madoa ya ugonjwa, mayai ya nondo huyo yalichomwa moto. Yasipoonekana, mayai yake yalihifadhiwa kwa mbegu. Baadhi ya wafanyabiashara wa mayai walimpinga, kwa kuwa biashara yao ilikuwa hatarini. Lakini mayai yaliyochaguliwa kwa njia hii yalitoa viwavi wazima, na ufugaji wa hariri ukapata uhai tena. Katika kazi hii Pasteur alijifunza jambo kubwa: mkulima huiamini sayansi anapoona mavuno.

Mashamba yaliyolaaniwa

Mwaka 1877 Pasteur alianza kuuchunguza ugonjwa wa kimeta. Wafugaji wa Ufaransa walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe wengi kila mwaka. Palikuwa na mashamba ambayo watu waliyaita mashamba yaliyolaaniwa, kwa sababu kila kundi lililolishwa hapo lilikufa, hata kama shamba lilikuwa limeachwa miaka mingi bila mifugo.

Mwaka 1876 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alikuwa ameonyesha kwamba kimeta huletwa na kijidudu cha umbo la kijiti kikaacho katika damu ya mnyama. Aliona pia kwamba kijidudu hicho huweza kujigeuza kuwa mfano wa mbegu yenye ganda gumu. Mbegu hiyo haifi kwa jua wala kwa ukavu, bali hulala udongoni miaka mingi ikingojea kuingia katika mwili wa mnyama.

Pasteur na wasaidizi wake, Emile Roux na Charles Chamberland, walikwenda mashambani kutafuta sababu ya laana ile. Waliona kwamba mizoga ya kondoo waliokufa kwa kimeta ilikuwa imezikwa katika mashamba hayo hayo. Waliona pia kwamba juu ya makaburi hayo palikuwa na vichuguu vidogo vya udongo ulioletwa juu na nyungunyungu. Walichukua udongo huo, wakaupima, wakakuta ndani yake mbegu za kimeta. Basi haikuwa laana. Nyungunyungu walikuwa wakizileta mbegu za ugonjwa kutoka kaburini hadi kwenye majani, na kondoo wakazila pamoja na majani. Pasteur aliwashauri wafugaji wasizike mizoga katika malisho.

Kuku walionusurika

Hata hivyo ushauri huo haukutosha. Wafugaji walihitaji kinga. Njia ilipatikana kutokana na ugonjwa mwingine, yaani kipindupindu cha kuku.

Pasteur alikuwa akikuza vijidudu vya ugonjwa huo katika supu ya kuku. Tone moja la supu hiyo likiingizwa katika mwili wa kuku lilimwua kwa muda mfupi. Lakini katika majaribio ya mwaka 1879 na 1880 ilionekana kwamba supu iliyokaa muda mrefu ilikuwa imepungukiwa na nguvu. Kuku waliodungwa supu hiyo ya zamani waliugua kidogo kisha wakapona. Walipodungwa baadaye supu mpya yenye nguvu, hawakufa, hali wenzao ambao hawakudungwa ile ya zamani walikufa.

Pasteur alitambua maana yake. Miaka mingi kabla, mwaka 1796, daktari Mwingereza aitwaye Edward Jenner alikuwa amewakinga watu na ndui kwa kutumia ugonjwa wa ng'ombe uliofanana na ndui. Lakini Jenner alitumia ugonjwa alioukuta. Sasa ilionekana kwamba mtaalamu aweza kuvidhoofisha vijidudu yeye mwenyewe katika maabara na kuvifanya kuwa kinga. Mwili uliokwisha kupambana na adui dhaifu huwa tayari kumshinda adui mwenye nguvu.

Jaribio la Pouilly-le-Fort

Mwanzoni mwa mwaka 1881 Pasteur alitangaza kwamba vijidudu vya kimeta navyo vyaweza kudhoofishwa. Vikikuzwa katika joto la nyuzi 42 hadi 43 za Sentigredi havitengenezi mbegu, na nguvu yake hupungua siku hata siku. Madaktari wengi wa mifugo hawakuamini. Mmoja wao, Hippolyte Rossignol, aliomba jaribio lifanywe hadharani katika shamba lake la Pouilly-le-Fort, karibu na mji wa Melun. Chama cha wakulima cha Melun kilitoa wanyama. Pasteur alikubali, ingawa wasaidizi wake waliingiwa na hofu. Kama jaribio lingeshindwa, watu wote wangeona.

Tarehe 5 Mei 1881 kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6 walichanjwa. Kondoo wengine 24, mbuzi 1 na ng'ombe 4 hawakuchanjwa. Tarehe 17 Mei wale wa kwanza walichanjwa mara ya pili kwa chanjo yenye nguvu zaidi. Tarehe 31 Mei wanyama wote, waliochanjwa na wasiochanjwa, walidungwa vijidudu vya kimeta vyenye nguvu kamili.

Tarehe 2 Juni watu wengi walikusanyika shambani: wakulima, madaktari wa mifugo, wakuu wa serikali na waandishi wa magazeti. Walikuta kondoo waliochanjwa wakila majani kwa utulivu. Wale ambao hawakuchanjwa karibu wote walikuwa wamelala wafu, na waliobaki walikufa kabla ya jua kutua. Ng'ombe wasiochanjwa hawakufa, lakini walikuwa na homa na uvimbe mkubwa. Habari hizo zilienea Ulaya nzima.

Lipo jambo moja ambalo watu hawakuambiwa siku ile. Pasteur alikuwa amewaeleza juu ya njia yake ya kudhoofisha vijidudu kwa joto na hewa. Lakini chanjo iliyotumika Pouilly-le-Fort ilikuwa imetayarishwa na Chamberland kwa kutumia dawa ya kemikali. Mwaka mmoja kabla, daktari wa mifugo Henri Toussaint wa Toulouse alikuwa amejaribu njia iliyokaribiana na hiyo, lakini sifa zote zilimwendea Pasteur. Jambo hili lilijulikana wazi daftari zake za maabara zilipochunguzwa katika karne ya 20. Chanjo ilikuwa ya kweli na wanyama walipona kweli. Lakini mwanasayansi apaswa kueleza alichokifanya kama alivyokifanya, na kumtaja aliyemtangulia. Hapa Pasteur alikosea.

Kutoka maabara hadi zizini

Baada ya jaribio hilo barua zilimiminika. Wafugaji wa kila upande wa Ufaransa walitaka chanjo, nao waliitaka upesi. Maabara iliyozoea kutengeneza chupa chache za majaribio sasa ilitakiwa kutengeneza chanjo za maelfu ya wanyama. Chamberland alipewa kazi ya kusimamia utengenezaji huo katika chumba cha kazi mjini Paris.

Taabu zilianza mara moja. Chanjo ya kimeta ni kitu hai, nayo hubadilika. Katika miezi ya mwanzo baadhi ya chupa zilikuwa dhaifu mno, na wanyama waliochanjwa waliugua kimeta baadaye. Chupa nyingine zilikuwa kali mno, zikawaua wanyama zilizotakiwa kuwalinda. Mfugaji aliyelipa fedha zake na kupoteza kondoo wake alikuwa na haki ya kukasirika. Hivyo Pasteur na wenzake walijifunza kuipima chanjo kabla ya kuiuza. Waliijaribu kwa wanyama wa maabara, na waliposikia habari ya vifo walichunguza chanjo na kuirekebisha.

Swali jingine lilikuwa hili: nani aruhusiwe kutengeneza chanjo? Njia ya kuupasha mvinyo moto Pasteur alikuwa ameiachia watu wote. Chanjo hakuiachia vivyo hivyo. Alitaka itengenezwe na watu wake chini ya ulinzi wake. Sababu yake ya kwanza ilikuwa usalama, kwani mtu asiye na ujuzi angeweza kuuza sumu badala ya kinga. Sababu ya pili ilikuwa fedha, kwani mapato ya chanjo yaligharimia utafiti mwingine. Wataalamu wengine walimlaumu kwa kuficha namna ya kuitengeneza, wakasema kwamba ujuzi uliofichwa hauwezi kukaguliwa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hata leo watu hubishana juu ya jambo hili kila dawa mpya inapopatikana.

Pamoja na hayo kazi iliendelea vizuri. Baada ya miaka 12 Chamberland alitoa hesabu. Nchini Ufaransa walikuwa wamechanjwa kondoo zaidi ya 3,000,000 na ng'ombe zaidi ya 400,000. Zamani katika kila kondoo 100 wa sehemu zenye kimeta walikufa kiasi cha 10 kila mwaka. Baada ya chanjo alikufa kiasi cha 1 tu. Fikiri, mwanafunzi, jambo hilo lilikuwa na maana gani kwa jamaa iliyotegemea kondoo 100 kwa chakula, nguo na karo.

Chanjo yavuka bahari

Wafugaji wa nchi nyingine nao waliitaka chanjo. Ilijaribiwa Hungaria, Ujerumani na Italia, na mwaka 1886 ilianzishwa kampuni ya kuiuza nje ya Ufaransa. Mwaka 1888 Adrien Loir, mpwa wa mke wa Pasteur, alikwenda Australia, nchi yenye kondoo wengi sana. Aliionyesha chanjo hiyo mbele ya wafugaji wa huko, na kondoo waliochanjwa wakapona kama wale wa Pouilly-le-Fort. Baadaye chanjo ikatengenezwa katika kisiwa kidogo kilichoko katika bandari ya Sydney.

Lakini chanjo ya Pasteur iliharibika upesi, tena ililazimu kila kondoo akamatwe na kuchanjwa mara mbili. Kwa mwenye kondoo maelfu katika nchi pana na yenye joto, hiyo ilikuwa kazi kubwa. Wenyeji wawili, John Gunn na John McGarvie Smith, walitengeneza chanjo iliyokaa muda mrefu na kutosha kwa mara moja. Wafugaji wakaipenda zaidi. McGarvie Smith naye aliificha siri ya chanjo yake kwa miaka mingi, na mwaka 1918 tu, alipokuwa karibu kufa, ndipo alipoikabidhi serikali. Kama angekufa ghafla, huenda ujuzi wake ungezikwa pamoja naye.

Katika miaka ya 1930 Max Sterne, daktari wa mifugo wa Onderstepoort katika Afrika ya Kusini, alipata aina ya kijidudu cha kimeta kisicho na gamba lake la kujilinda. Kijidudu hicho hakiwezi kuleta ugonjwa kama kile cha kawaida, lakini hukinga vizuri. Chanjo yake ndiyo inayotumiwa na wafugaji wa nchi nyingi hadi leo. Hivyo kazi iliyoanza Ulaya iliboreshwa katika bara letu la Afrika.

Siku za mwisho

Pasteur hakusahau mbwamwitu wa utoto wake. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Kwa msaada wa madaktari, mtoto alidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa siku kadhaa mfululizo, naye hakuugua. Watu wa nchi nyingi walichanga fedha, matajiri kwa maskini, ili ijengwe nyumba kubwa ya utafiti. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris tarehe 14 Novemba 1888. Pasteur, Chamberland na Roux waliipa taasisi hiyo mapato ya chanjo walizouza nchini Ufaransa. Kwa hiyo senti za mfugaji aliyechanja kondoo wake zilisaidia kutafuta dawa za magonjwa ya watoto.

Louis Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akiwa na umri wa miaka 72. Kaburi lake limo ndani ya taasisi hiyo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Pasteur alianza kila kazi kwa kusikiliza shida za watu: mwenye kiwanda, mfugaji wa viwavi, mchungaji wa kondoo. Pili, alilinganisha. Alitazama pipa zuri na baya, na kondoo waliochanjwa na wasiochanjwa. Asiyelinganisha hawezi kujua. Tatu, dawa isiyopimwa vizuri huweza kuleta hasara, na dawa ambayo mfugaji hawezi kuinunua au kuihifadhi haimfai.

Kimeta bado kipo katika Afrika ya Mashariki, na mbegu zake zimo katika udongo wa sehemu nyingi. Mnyama wenu akifa ghafla, msimpasue wala msimchune, na msile nyama yake hata ikionekana nono. Wazuieni mbwa wasiuguse mzoga. Mpelekeeni habari daktari wa mifugo upesi, naye ataelekeza namna ya kuuchoma au kuuzika katika shimo refu. Wanyama wazima na wachanjwe kila mwaka kama watakavyoelekezwa wenyewe.

Jaribio

Chukua vikombe viwili vilivyo safi. Katika kikombe cha kwanza tia maziwa mabichi. Katika cha pili tia maziwa yaliyochemshwa wakati huo huo, yakiwa bado moto. Funika vikombe vyote kwa vifuniko safi, uviweke kivulini. Vitazame asubuhi na jioni kwa siku mbili. Andika katika daftari lako rangi, harufu na hali ya maziwa ya kila kikombe. Usiyaonje. Maziwa yapi yaliganda kwanza? Eleza sababu.

Maswali

1. Pasteur aliona tofauti gani kati ya pipa zuri na pipa lililochacha?
2. Mtu akiandikisha uvumbuzi wake hupata haki gani?
3. Kwa nini nondo wa hariri walitazamwa kwa hadubini baada ya kutaga mayai?
4. Nyungunyungu waliletaje kimeta katika malisho?
5. Kwa nini baadhi ya wanyama wa Pouilly-le-Fort hawakuchanjwa?
6. Ni jambo gani ambalo Pasteur hakuwaambia watu juu ya chanjo ya Pouilly-le-Fort? Alipaswa kufanya nini?
7. Taja taabu mbili zilizotokea chanjo ilipoanza kutengenezwa kwa wingi.
8. Kwa nini wafugaji wa Australia waliipenda zaidi chanjo ya Gunn na McGarvie Smith?
9. Katika sehemu zenye kimeta mfugaji ana kondoo 200. Kwa hesabu iliyotajwa katika sura hii, angepoteza kondoo wangapi kwa mwaka bila chanjo? Angepoteza wangapi akiwachanja?
10. Jadilini darasani: je, mvumbuzi wa chanjo aifanye njia yake kuwa siri, aiuze, au aiachie watu wote? Toeni sababu zenu.